Mlio wa Tairi Langoni Kwetu

Mwezi uliopita tulimzika Njuguna, na watu walicheka. Siku hizi matanga bila mtu wa kuchekesha hayakamiliki, na siku hiyo kazi hiyo ilimwangukia Kevo, ambaye zamani alikuwa mteja wetu na sasa ana kitambi na gari la kubebea watoto shule. Alishika maikrofoni pale kwenye hema Langas, akasema marehemu ndiye aliyewafundisha vijana wa Eldoret kuvalisha rimu pana tairi nyembamba. Hapo wazee walitikisa vichwa tu. Kisha akasema, "Na mnajua kwa nini huyu jamaa alikaa kapera mpaka mvi? Tairi ndiyo ilimkosesha bibi! Alienda kuposa huko reserve mashambani, tairi ikapiga boom kwa geti ya wakwe, mashangazi wakaingia chini ya meza, na bibi akaenda hivyo!" Hema zima likaangua kicheko, pasta pia, hata dada yake marehemu akajifuta macho akicheka. Mwanamke aliyekaa kando yangu safu ya nyuma akanigusa bega, akasema, "Wanaume na magari, woiye." Bibi aliyeenda hivyo ni mimi.

Sikusimama. Mtu habishani na watu mbele ya jeneza. Lakini nilirudi nyumbani nimejaa hasira mpaka nikashindwa kula, na mume wangu, ambaye ni mtu mwema na hajui nusu ya mambo haya, akaniuliza kama nimepatwa na malaria. Nilikuwa nimepanga kuandika maisha yangu kwa utaratibu, kuanzia nilikozaliwa, kama watu wenye heshima wanavyofanya. Utaratibu huo nimeutupa. Naanza na mwaka ule niliouza tairi, kwa sababu sitaki hadithi ya Kevo ndiyo ibaki.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, na cheti cha ukarani ambacho hakikuwa kimemshtua mtu yeyote mjini. Duka lililoniajiri lilikuwa kando ya barabara ya kuingia Kapsoya. Mbele kulikuwa na chumba cha matofali cha kuuzia, nyuma banda la mabati la kufungia tairi, na katikati kijumba cha mbao chenye madirisha mawili, moja la wateja na moja la mafundi. Hapo ndipo nilipokaa. Palikuwa padogo hivi kwamba nikinyoosha mikono nagusa kuta zote mbili, na palinuka mpira mpya na sabuni ya kipande. Mwenye duka alikuwa na biashara nyingine mjini na alikuja akipenda, kwa hiyo duka lilikuwa letu, mimi na Njuguna. Uzuri wa kijumba kile, au ubaya wake, ni kwamba kila neno lililosemwa bandani lilinifikia. Mwezi wa kwanza nilimjua Njuguna kwa masikio kabla sijamjua kwa macho. Nilijua anapiga mluzi kazi ikiwa rahisi na ananyamaza ikiwa ngumu. Nilijua akimaliza kazi husema neno moja tu, "Imekubali," kwa sauti ya chini ya mtu aliyeshiba.

Vijana wa mjini walikuwa wameshikwa na ugonjwa wa magari ya kulala chini. Gari linashushwa mpaka linakaribia kusugua lami, rimu zinakuwa pana, na tairi inayovalishwa ni nyembamba kuliko rimu yenyewe, kwa hiyo mpira unavutika na kuinama kuingia ndani, na ukingo wa chuma unabaki nje uking'aa. Walikuja dirishani kwangu wakisema tu, "Auntie, strechi," na mimi si auntie yao, tulikuwa rika moja. Tabu ya kazi hiyo ni kwamba tairi haizifikii kingo za rimu, na ukiweka upepo wa kompresa unatorokea pembeni. Kwa hiyo Njuguna alipaka sabuni pande zote, akapuliza petroli kidogo ndani ya tairi, akarudi nyuma, akarusha njiti ya kiberiti. Boom! Moto ule wa ghafla ulipanua mpira mpaka ukakaa kwenye rimu kwa nguvu, naye akawahi kuingiza upepo kabla haujabadilisha nia. Wateja walishika simu zao juu wakirekodi. Mara ya kwanza mimi niliruka nikajimwagia chai, na nikasikia kicheko upande wa pili wa mbao. Kisha ikaja sauti yake: "Pole, Jero. Kesho nitakuambia kabla." Kweli, tangu siku hiyo aligonga ubao kwanza, ko ko, ndipo akawasha.

Watu wamesahau jambo moja. Njuguna hakumfungia kila mtu. Kabla ya kushika chochote alimuuliza mteja, "Hii gari inalala wapi?" Ukisema Elgon View au mjini, kwenye lami, kazi inaanza. Ukitaja mahali penye changarawe, alikufungia vifaa vyake usoni. "Mawe yataingia kati ya rimu na tairi, itakutoka njiani, halafu useme ni Njuguna." Nilimsikia akigombana na watoto wa matajiri kwa sababu hiyo, wakimwita kichwa ngumu, naye akipiga mluzi. Mtu mjinga na mwenye majivuno hafanyi hivyo. Kevo anajua, maana alifukuzwa mara mbili kabla ya kukubaliwa.

Chakula cha mchana ndicho kilichotuponza. Mwanzo alikula kwake bandani na mimi kwangu. Halafu mvua ikaanza, mabati yakavuja, akaja kusimama mlangoni mwa kijumba na bakuli lake la githeri, mahindi na maharagwe kutoka kwa mama yake Langas. Mimi nilikuwa na mursik kwenye chupa ya soda. Akaniuliza ni nini hiyo yenye madoa meusi, nikamwambia ni maziwa na mkaa, akasema, "Mkaa? Kwani nyinyi ni jiko?" Nikampa kikombe. Alikunywa akiwa ameziba pua, macho yamemtoka, akamaliza, akasema asante kwa adabu ya mgonjwa. Kabla mvua za mwaka huo hazijaisha alikuwa akinikemea nisipoileta. Tulikula hivyo kila siku, sahani zikiwa juu ya tairi mpya, githeri kwangu na mursik kwake, tukisengenya wateja. Sina haja ya kueleza zaidi. Nilimpenda. Naandika bila haya, mtu mzima mimi, nilimpenda Njuguna mpaka harufu ya sabuni ya kipande bado inanigeuza shingo dukani.

Nyumbani kwetu, upande wa Moiben, msemaji wa ukoo alikuwa anko yangu, kaka mkubwa wa baba, ambaye alikuwa mwalimu mkuu mstaafu na mzee wa kanisa. Nitamwita Anko tu, inatosha. Alikuja mjini kwa shughuli zake, akapita dukani, akajaza kijumba changu chote kwa koti lake. Nilikuwa nimeshamdokezea mama habari, na mama hawezi kushika kitu. Anko alimtazama Njuguna kupitia dirisha la mafundi, akaniuliza polepole, kama anayepima sukari, "Huyu anaitwa nani?" Nikamwambia. "Njuguna. Wa wapi?" Nikasema wa Langas. "Hapana, kwao ni wapi?" Nikasema amezaliwa Langas, amesoma Langas, mama yake ana kibanda cha mboga Langas. Akatabasamu jinsi alivyowatabasamia wanafunzi wazito. "Nauliza kwao kwao, Jerotich." Upande wa pili mluzi ulikuwa umenyamaza. Mbao zile zilipitisha maneno pande zote mbili.

Hata hivyo hawakukataa. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba hawakukataa. Baba alisema kijana aje na watu wake, tumsikie. Siku ikapangwa. Njuguna alikuwa na gari lake dogo la zamani alilolijenga mwenyewe kipande kwa kipande, limelala chini, strechi mbele na nyuma, rangi ya samawati. Nilimwambia abadilishe tairi.

"Njia ya kwetu unaijua?" nikamwuliza. "Lami ikiisha ni mawe mpaka nyumbani."

"Naijua. Nilienda na boda nikaiangalia yote."

"Na bado unataka kwenda na hii? Si wewe ndiye unafukuza watu?"

Akafuta mikono muda mrefu kuliko ilivyohitaji. "Jero, anko yako ameuliza kwetu ni wapi. Nikienda na gari ya kuazima atauliza pia ni ya nani. Hii ndiyo kitu yangu peke yake nimejenga na mikono yangu. Waone mtu. Nitaenda polepole, usijali."

Siku yenyewe nilifungiwa jikoni na mashangazi tangu asubuhi, kwa kuwa msichana anayeposwa haonekani mpaka aitwe. Jiko letu liko nyuma ya nyumba kubwa na linapakana na chumba ambamo wazee hukaa kushauriana, ukuta mmoja tu katikati. Kulikuwa na mbuzi kwenye sufuria mbili, wali, kuku, na shangazi yangu mkubwa alikuwa akigeuza chapati akinitania kwamba nijifunze kupika githeri. Niliwacheka wote. Nilikuwa nimevaa gauni la kijani, na nikawa naenda dirishani kila dakika, wananivuta nyuma. Ndipo tukasikia injini mbali, ikinguruma polepole sana, ikija. Njia yote ya mawe alikuwa ameimaliza! Kisha injini ikazimika, karibu kabisa, pale kwenye kona ya mwisho kabla ya lango, ambapo mvua ilikuwa imefukua mwamba. Kimya. Mimi peke yangu katika nyumba nzima nilijua kimya kile ni cha nini. Nilijua tairi imetoka kwenye rimu, na nilijua Njuguna ni mtu wa namna gani akiwa na tairi iliyotoka, pampu, chupa ya petroli na kiberiti. Nilifungua mdomo niseme. Boom.

Katika boma letu mlio ule haukuwa wa tairi. Watu wetu waliwahi kuisikia milio ya namna hiyo, ya bunduki, siku za vita vya makabila, na watu wa Langas vilevile, kila upande ukikimbia mwenzake, na hakuna aliyesahau. Shangazi mkubwa aliangusha mwiko, akaingia chini ya meza na unga wake. Ng'ombe walivunja ua. Mama alinishika karibu aninyonge. Nilipiga kelele, "Ni tairi! Ni tairi tu!" lakini nani atamsikia msichana wa gauni la kijani? Na hapo langoni akatokea Njuguna kwa miguu, suti imemkaa vizuri, nyusi moja imeungua, mikono myeusi, mama yake na wazee wawili nyuma yake, Kevo, aliyewasindikiza, akisukuma gari. Alikuwa anatabasamu, maskini. Aliwaambia wazee wetu, kwa sauti ile ile niliyoijua, "Poleni sana, wazee. Ilikuwa tairi. Imekubali."

Waliketishwa. Walipewa chai. Mama yake Njuguna alikaa ukingoni mwa kiti, amekumbatia kikapu chake cha zawadi, akiomba radhi kwa kila aliyepita. Wazee wetu wakaingia chumbani kushauriana, na mimi nikabandika sikio ukutani, mashangazi wasinizuie, kwa sababu nao walikuwa wamebandika yao. Baba alisema, "Kijana ameeleza. Ni tairi." Anko akajibu kwamba mambo yameshajionyesha yenyewe, kwamba msafara wa posa ukikwama njiani ni ishara, na ukileta moto na mlio langoni ni ishara mbili, na wahenga wetu wangekuwa wameshawarudisha. Ishara! Anko huyu, aliyemkemea nyanya yangu mbele ya watu kwa kumtemea mtoto mate ya baraka kiganjani, akisema ni ushenzi. Anko aliyekataza watoto wake wasitamke neno mila. Maisha yake yote hakukumbuka desturi hata moja, akaja kuzikumbuka zote mchana ule. Baba akasema tena, akiwa amelegea, "Lakini ni tairi." Kisha sikusikia tena sauti ya baba.

Nyama haikutolewa. Wageni waliambiwa kwa heshima nyingi kwamba wataitwa. Njuguna aliinama, akashukuru, akamshika mama yake mkono mpaka garini, na gari likaondoka polepole kama lilivyokuja. Mimi sikuitwa nje hata nimsalimie. Jioni tulikula sisi wenyewe ule mbuzi, na shangazi akanijazia sahani, akisema nile, chakula hakina kosa.

Hakuna aliyewahi kuwaita. Jumatatu Njuguna alifika kazini akazitoa tairi zote za gari lake, akaweka za kawaida, na kuanzia siku hiyo kila kijana aliyeomba strechi aliambiwa aende kwingine. Nilidhani ni hasira, ingepita. Haikupita. Tuliendelea kula pamoja, lakini alikula haraka, na mursik akaikataa kwa upole. Akidhani kwamba simwangalii, alikuwa akipitisha kidole kwenye ukingo wa rimu, akizunguka, akizunguka. "Ningebadilisha tu," aliniambia. "Siku moja tu. Uliniambia." Nami nikamjibu kwamba tutangoja wazee wapoe. Niliamini. Niliamini kabisa kwamba tulikuwa tunapambana na tairi.

Kabla ya Krismasi mwaka huo huo aliposwa binamu yangu, binti ya Anko. Familia ya kijana ni ya kwetu, watu wa mashamba ya ngano, na walikuja na gari refu jipya baada ya mvua ya siku mbili. Walikwama bondeni mpaka milango. Anko mwenyewe aliwapelekea trekta, akasimama kwenye matope na viatu vyake vya kanisani akitoa amri. Walipovutwa hadi nyumbani kwetu, ambako posa zote za ukoo hupokewa, gari likateleza, likagonga nguzo ya lango letu, nguzo ikaanguka, lango zima likalala chini. Mimi nilikuwa nimesimama pale barazani na thamosi ya chai. Nikangoja. Anko alitazama lango, akapiga makofi, akacheka mpaka akakohoa. "Wamejifungulia wenyewe! Karibuni, karibuni nyumbani!" Wanawake wakapiga vigelegele. Wakaingia na matope yao, wakaketi kwenye viti vile vile, na nyama ikaanza kupita kabla hawajavua makoti.

Nilimiminia Anko chai. "Anko," nikasema, na wote wakasikia, "kukwama njiani, na lango kuanguka. Hizo si ishara?" Mama alifunga macho. Anko hakukasirika. Hilo ndilo ninalomlaumia zaidi, kwamba hata hakukasirika. Alinishika mkono kwa upendo, mbele ya wageni, kama mtu anayemweleza mtoto kwa nini jua linazama. "Jerotich mwanangu," akasema, "hawa ni watu wetu."

Kesho yake nilienda Langas mchana kweupe. Chumba cha Njuguna kilikuwa kimoja, kitanda nyuma ya pazia, jiko la mafuta mlangoni, kila kitu kimepangwa kwa mstari. Alikuwa anasonga ugali. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama, trekta, lango, makofi, na maneno ya Anko jinsi yalivyotoka. Nilikuwa nimekimbia na habari hiyo njia nzima, nikijua nitamwondolea mzigo. "Haikuwa tairi, Njuguna! Haikuwa wewe. Hata ungekuja na ndege. Basi twende tuoane, tukae hapa hapa, wabaki na lango lao."

Aliendelea kusonga. Akaupindua ugali kwenye sahani, akaulainisha juu kwa mwiko, akazima jiko.

"Kwani unafikiri sikujua?" akasema. "Nilijua tangu aulize kwetu ni wapi. Mbao za dukani ni nyembamba."

"Sasa mbona unajilaumu kila siku?"

"Kwa sababu ikiwa ni tairi, ni mimi nilikosea. Kosa langu naweza kuishi nalo, naweza kurekebisha, siku hizi hata sifungi tena. Hiyo nyingine nitaifanya nini? Nitoke nje niangalie kila mtu kwa huu mji nikijiuliza ananionaje? Na watoto wetu niwafundishe hivyo?" Akanitazama kwa mara ya kwanza tangu niingie. "Wacha iwe ni tairi, Jero. Tafadhali. Ukiulizwa, sema ilikuwa tairi."

Akanipakulia ugali na mboga ya sukuma, akanisukumia sahani iliyokuwa yake. Sahani ya pili hakuwa nayo, kwa hiyo yeye akala kwenye sufuria. Nilikula nikilia, na alipomaliza alinisindikiza mpaka barabarani, na habari ya kuoana hatukuitaja tena.